Nilipowatembeza Wazazi Wangu Uingereza

Kijana akisafiri kwenda ng'ambo, wazazi wake hubaki na nchi mbili: ile wanayoishi, na ile nyingine wanayoijenga mioyoni mwao kwa habari anazowapelekea mtoto wao. Mimi nalikuwa nimekaa Uingereza miaka ishirini kasoro miezi mitatu wazazi wangu walipokuja kunizuru, na katika muda huo wote nchi yao ile ya moyoni ilijengwa kwa simu zangu za kila Ijumaa. Nyumba zake zilikuwa pana, chakula chake halali tele, na baridi yake si kali sana. Basi ilipothibiti, mwaka 2023, ya kwamba ruhusa zao za kuingia zimetoka na tikiti zimekatwa, nalifurahi furaha kubwa; na usiku ule ule nikakosa usingizi.

Sisi ni watu wa Kibokoni, Mombasa. Baba yangu alikuwa karani katika bandari ya Kilindini hata akastaafu, na umri wake sasa ulikuwa miaka 76. Mama hakuwa amepata kutoka Kenya ila mara moja tu, walipokwenda Hija pamoja. Walipanda gari la moshi kutoka Mombasa, wakalala Nairobi, kisha wakaruka saa tisa angani hata Heathrow. Mama alishuka na sanduku la kashata, mabuyu, achari ya maembe na pilipili ya kusaga, lakini samli yake aliyoipika mwenyewe ilibaki Kibokoni, kwa kuwa sheria ya Uingereza haimruhusu msafiri kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Aliieleza habari ya samli ile kwa majonzi njia nzima, kana kwamba ni jamaa aliyenyimwa kibali.

Jambo la kwanza lililomshangaza Baba halikuwa majumba wala magari. Lilikuwa saa. Kwetu sisi saa hufuata jua: likichomoza ni saa kumi na mbili za asubuhi, likichwa ni saa kumi na mbili za jioni, na kutoka mwezi hata mwezi tofauti ni dakika chache. Siku ya kwanza, mwanzoni mwa Juni, Baba aliketi uani kwangu akingoja Magharibi. Ikafika saa kumi na mbili, jua li juu. Ikafika saa moja, saa mbili, jua bado linawaka juu ya mapaa. Saa tatu na dakika kumi za usiku ndipo lilipozama. "Saa tatu za usiku, na watoto wanacheza mpira juani!" akasema. "Mwanangu, hapa saa imeacha kazi yake." Nikamweleza ya kuwa tangu mwisho wa Mei hata katikati ya Julai mwanga wa jua hautoweki kabisa usiku kucha katika mbingu za huku, na kwa hiyo misikiti yenyewe hutofautiana katika kuhesabu wakati wa Isha. Akasikiliza sana. Lakini saa yake ya mkononi hakuigeuza. Aliiacha katika wakati wa Mombasa mpaka siku ya kurudi.

Nalikuwa nimepanga ratiba kama wanavyopanga watembezaji wa watalii: jumba la mfalme, daraja la Mto Thames, makumbusho. Mama aliitazama karatasi yangu, akaiweka chini ya kikombe. "Hayo nimeyaona katika televisheni," akasema. "Mimi nataka kuona ulipokaa wewe." Nikamwambia ndipo hapa Woking, nyumba yangu hii. Akasema, "Hapa umekuja juzi. Nataka kote."

Basi tukaanza na Liverpool, kwa kuwa ndiko nilikofikia mwezi wa Septemba 2003 kuja kusoma uhandisi. Kutoka stesheni ya Euston, London, ni mwendo wa saa mbili na robo kwa treni. Baba alikwisha piga hesabu zake za sala: Liverpool ni safari, nasi tutalala siku mbili tu, basi atapunguza na kukusanya, ama London kutoka Woking si safari, ni kwenda sokoni. Na nimwambie hapa kijana anayetaraji wageni kama wangu: chukua chupa tupu ya maji katika mkoba kila utokapo na wazee, kwa maana vyoo vya huku vina karatasi tu, na mzee hatakuambia shida yake, atanyamaza na kuacha kunywa chai.

Liverpool ulikuwa mji wa Baba kabla haujawa wangu. Alipoanza kazi Kilindini katika miaka ya 1960 meli za Harrison na za Clan Line zilikuwa zikiingia bandarini kila mara, na za Harrison zilikuwa na jina la mji huu limeandikwa kwenye tezi. Aliikumbuka dohani yao nyeusi yenye mikanda miwili myeupe na mmoja mwekundu katikati. Tulipofika ukingoni mwa Mto Mersey alisimama akatafuta meli, asione hata moja. Bandari ya Albert, iliyofunguliwa mwaka 1846, ilifungwa mwaka 1972, na maghala yake leo ni makumbusho, mikahawa na maduka. Kazi ya bandari imehamia Seaforth karibu na mdomo wa mto, yaliko makontena. Baba aligusa nguzo za chuma za ghala kwa kiganja, akasema, "Hata kuli mmoja!" Naye Mama tulipovuka mto alitaka kujua nauli ya feri, na alipoambiwa akasema kwa sauti ya kutosha kusikiwa ya kwamba pale Likoni mtu wa miguu huvuka bure.

Katika maghala yale mna makumbusho ya utumwa yaliyofunguliwa mwaka 2007. Utajiri wa mji huu ulichimbwa sana katika biashara ile, na mwaka 1999 baraza la mji liliomba radhi rasmi. Baba alizunguka humo kwa muda mrefu kuliko nilivyotaraji. Tulipotoka hakuwalaani Waingereza, kama wafanyavyo wengi wetu wakitoka mahali kama pale. Aliniuliza mwaka wa kufungwa soko la Unguja. Nikamwambia 1873. "Na sisi tumeomba radhi mwaka gani?" akauliza, akaendelea kutembea.

Nyumba niliyokaa nikiwa mwanafunzi haikuwa na la kuficha. Ni nyumba ya matofali mekundu karibu na Smithdown Road, katika safu ya nyumba zinazofanana kama mayai, na kijana aliyefungua mlango alituruhusu kwa adabu kutazama jikoni. Mama akaona sahani za siku tatu katika beseni, akaniangalia mimi, nami nikacheka. Baada ya hapo tukaenda Brougham Terrace, kwenye msikiti wa Abdullah Quilliam. Huyu alikuwa mwanasheria wa mji huu aliyesilimu mwaka 1887, na siku ya Krismasi ya mwaka 1889 akafungua katika nyumba ile mahali pa kusalia na kufundishia, akatunza watoto waliokosa wazazi, akachapa gazeti la kila juma. Watu wa mji waliwatupia mawe waliokuwa wakienda kusali. Alipoondoka mwaka 1908 mambo yakaanguka, na nyumba ikaja kuwa ofisi ya serikali ya kuandikia vizazi, ndoa na vifo. Ikarudi kuwa msikiti mwaka 2014. Katika miaka yangu ya Liverpool nyumba ile ilikuwa gofu, nami nikipita mbele yake bila kujua ni ya nini. Mama alisali pale rakaa mbili, akaomba dua ndefu.

Sasa nije London, kwani ndiko nilikokuwa nikikuogopa.

Nalipohitimu mwaka 2006 nalipata ruhusa ya kukaa mwaka mmoja zaidi, ambayo wakati ule walipewa waliohitimu sayansi na uhandisi, nikaenda London kutafuta kazi. Niliwaambia wazazi wangu nimeipata. Baba akawaambia wenziwe wa barazani ya kwamba mwanawe ni mhandisi London. Ukweli ni kuwa barua zangu za kuomba kazi zilirudi kwa miezi kumi na mmoja, na kazi niliyokuwa nayo ni kusafisha ofisi usiku, tangu saa nne hata alfajiri, katika mtaa wa mabenki. Na Jumamosi na Jumapili kupanga mboga kwa mwenye meza katika soko la Whitechapel. Mwishoni mwa mwaka ule Baba akapatwa na maradhi ya moyo, akapelekwa Nairobi kupasuliwa. Fedha nilizotuma, ambazo jamaa wote walisema ni za mshahara wa uhandisi, zilitoka katika ndoo na ufagio.

Ningeweza kuwapitisha Whitechapel juu juu. Nalijaribu. Niliwaonyesha soko, ambalo lingaliko vile vile mkabala wa hospitali kubwa, na Mama akafurahi kuona bamia, mihogo na ndizi za kupika zimepangwa kandokando ya njia. Niliwaonyesha msikiti wa Brick Lane, ambao ni ajabu ya peke yake: jengo lile lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini kwao, likaja kuwa kanisa la Wamethodisti, kisha mwaka 1898 sinagogi la Mayahudi waliohama kutoka Urusi na nchi za jirani, na tangu 1976 ni msikiti wa watu wa Bangladesh. Kila waliofika na mabegi yao walilikuta li wazi. Baba akapenda sana habari hiyo, akataka nimrudilie miaka yake aiandike.

Lakini Mama akauliza, "Na wewe ulikuwa ukilala wapi?"

Nikawapeleka. Ni nyumba katika njia ndogo nyuma ya barabara kuu. Dirisha la chumba chetu liko chini ya njia ya miguu, nyuma ya vyuma, hata mtu aliye ndani huona viatu vya wapitao wala haoni nyuso zao. Mama alishika vile vyuma akainama. "Shimoni?" akasema. Nikamwambia tulikuwa watu wanne na magodoro mawili. Mimi na kijana mmoja wa Sylhet tulikuwa na godoro moja, yeye akililalia usiku nami mchana. Na hapo, kwa kuwa nalikwisha kuanza, nikasema yote: habari ya ndoo, ya barua zilizorudi, ya uhandisi usiokuwapo. Nalikuwa nimejitayarisha kwa machozi au kwa ghadhabu. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa ukila nini?"

"Wali na dengu, Mama. Na mkate."

"Nami nikikuuliza kila Ijumaa, ukaniambia biriani."

Baba hakusema neno. Aliiangalia saa yake ya Mombasa, akasema Adhuhuri imeingia, tukaenda msikiti mkubwa wa Whitechapel Road, na baada ya sala akabaki ameketi mpaka safu zote zikaondoka. Katika treni ya kurudi alitazama nje. Nalidhani ameumia kwa ajili ya heshima yake barazani, na wallahi nikaanza kukasirika kidogo moyoni, kwani fedha zile zilikuwa zimemponya yeye. Nayaandika haya kwa aibu, ila ndivyo nilivyohisi.

Siku ya pili yake tulikuwa na ahadi katika maktaba ya chuo cha SOAS, pale Russell Square. Chuo hiki kimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka mia, na katika hazina yake zimo karatasi za W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mwana wa Mombasa aliyeyajua. Rafiki yangu mmoja alikuwa ametuombea tuonyeshwe baadhi ya maandiko yale. Yakaletwa, yakawekwa juu ya mito maalumu, kwa Kiswahili chetu lakini kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wote kabla ya shule za Kizungu. Mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu, sikuweza kusoma hata mstari. Baba alivaa miwani, akasogeza kiti, akaanza kusoma polepole kwa sauti, kama mtu asomaye barua kutoka kwa ndugu. Mara akasita, akakisia neno, akalipata, akacheka peke yake. Msimamizi wa chumba alikuja kutuomba tushushe sauti, kisha akasimama hapo hapo akisikiliza. Mama akaninong'oneza, "Babu yako alimfundisha kwa fimbo." Nami nikajiuliza kwa nini mimi sikufundishwa, nikakumbuka ya kwamba Baba alitaka na mimi ndimi niliyekimbilia mpira. Tangu siku ile tunasoma kwa simu, kila Jumapili nusu saa. Maendeleo yangu ni madogo.

Woking, ninapokaa tangu 2011, haikuhitaji kuelezwa. Msikiti wa Shah Jahan uko karibu na reli, nao ndio wa kwanza katika Uingereza kujengwa tangu msingi kuwa msikiti. Ulijengwa mwaka 1889 na Dakta Leitner, mtu wa asili ya Hungary ambaye mwenyewe hakuwa Muislamu, kwa msaada wa fedha za Begum Shah Jahan, mwanamke aliyetawala Bhopal katika Bara Hindi. Ni mdogo, wenye kuba la kijani, na wazazi wangu waliupenda kuliko yote waliyoiona. Tulisali Idi ya Hija pale tarehe 28 Juni, na Mama akagawa kashata zilizobaki kwa watoto asiowajua.

Siku chache kabla ya kuondoka kwao Baba aliomba kuzuru makaburi ya Brookwood, yaliyo kituo kimoja cha treni kutoka kwetu. Ni makaburi makubwa sana, yaliyofunguliwa mwaka 1854, na katika sehemu za Waislamu wamelala watu ambao vitabu vyao vimo katika nyumba zetu: Marmaduke Pickthall, aliyefasiri Kurani kwa Kiingereza, aliyefariki mwaka 1936, na Abdullah Yusuf Ali, aliyefariki mwaka 1953, na Abdullah Quilliam naye yuko huko. Wako pia askari wa Kihindi Waislamu wa vita kuu ya kwanza, ambao kwanza walizikwa Horsell karibu na kwangu. Tuliwasomea Fatiha. Kulikuwa na misonobari mirefu na kimya kingi. Mama akaketi juu ya benchi, akauliza bila kunitazama:

"Na wewe utazikwa wapi?"

Sikuwa nimejiuliza swali hili, au nalijiuliza nikalifukuza. Nikamjibu upesi ya kwamba mimi nitarudi. Ya kwamba nimekuwa nikiweka fedha tangu 2019, na nia yangu ni kujenga katika shamba letu la Mtwapa, penye minazi, na nimekwisha chora ramani ya nyumba.

Baba akakohoa. "Shamba la Mtwapa," akasema, "niliuza mwaka 2003."

Aliliuza ili kunilipia ada. Aliniambia wakati ule ni akiba yake ya bandarini, na kwa miaka ishirini, kila msimu, alinipa habari za minazi ile: mwaka huu imezaa vizuri, mwaka huu wamepanda wezi, mgema ameanguka. Nalimwuliza alizipata wapi habari hizo. Akasema za mgema ni za kweli, ila ni mgema wa aliyelinunua. Mama alikuwa akijua. Tuliketi watu watatu juu ya benchi lile, kila mmoja na uongo wake mkononi, na aliyecheka kwanza alikuwa Mama. "Wewe wamlisha minazi," akamwambia Baba, "naye akulisha biriani."

Nisije nikamfanya msomaji adhani ya kwamba yalikwisha kwa kicheko. Shamba halirudi, na bei ya ardhi ya Mtwapa leo si ya mtu kama mimi. Jioni ile tulizungumza mpaka giza likaingia, na unajua sasa giza la Julai huingia lini. Baba alitaka nirudi nikae juu ya nyumba ya Kibokoni, tuongeze ghorofa. Mama alisema watoto wangu wamezaliwa huku na wana shule, nisiwang'oe kwa ajili ya kaburi langu. Mke wangu alinyamaza kwa hekima. Hatukukata shauri. Ramani ya nyumba nimeihifadhi, kwani vyumba vyake ni vizuri.

Nikawasindikiza Heathrow katikati ya Julai. Baba aliangalia saa yake akasema, "Unaona? Sikupata taabu ya kuirudisha."

Baada ya siku nne akanipigia simu. Nilimwuliza kama barazani wamemwuliza habari za safari. Akasema amewaeleza: feri ya kulipia, jua la saa tatu za usiku, karatasi za Muyaka. Kisha akasema, "Na kile chumba pia nimewaeleza. Na ndoo." Nikauliza wamesemaje. Akasema hawakusema kitu, ila kahawa ilipomalizika mzee mmoja alimfuata mpaka mlangoni, akamwomba aniulize nauli ya kutoka Heathrow hata Manchester ni kiasi gani, kwa kuwa mwanawe yuko huko, na huu ni mwaka wake wa tisa.